Uvimbe Uliokandwa

Kama hujawahi kukandwa na mama yangu mkubwa, usinisimulie habari za kuzaa. Kuzaa kwenyewe kuna mwisho. Unarudi nyumbani, mtaani kwetu Jabe, na mtoto wako amefungwa vizuri kwenye kitenge, unadhani mambo yamekwisha, halafu anaingia yeye na sufuria la maji yanayofuka, majani ya mparachichi yakielea juu, taulo begani, mikono ya gauni imekunjwa mpaka kwenye kiwiko. Nimezaa mara mbili, na mara zote mbili nilimwomba Mungu anitoe mikononi mwake. "Nyamaza," alikuwa ananiambia, goti lake liko kwenye kiuno changu. "Mutoto muzima alipita hapa, mukono yangu itashindwa namna gani?" Arobaini ikiisha unasimama wima kama msichana, na unampelekea kilo ya sukari kwa shukrani.

Nusu ya wanawake wa Jabe wamepita chini ya mikono ile. Wengine alimkanda mama mtu, halafu akamkanda binti. Hakusomea popote. Ana njia yake moja: kila kibaya kilichomo mwilini kisukumwe nje, mbali na moyo, kiende pembeni, kitoke kwa miguu au kwa vidole vya mikono. Kichwa kikikuuma atakisukuma mpaka mabegani na kukimwaga kwenye viganja. Unaweza kucheka, mimi nimecheka sana, lakini usiku unalala.

Mama yangu ni mdogo wake. Wote wawili ni wajane, wanaishi kwenye uwanja mmoja, milango inatazamana. Mama anauza nyuzi, vifungo na zipu pale sokoni. Niseme mapema kwamba mama yupo, mzima, na jana tu aliniambia nimenenepa vibaya, ili mtu asije akaanza kunililia kabla sijamaliza.

Mimi naishi Gihosha, juu kwenye kilima, na kazi yangu ni kuwafundisha wanafunzi wa udaktari fizikia ya mwili: jinsi damu inavyosukumwa, jinsi mfupa unavyobeba uzito, mambo ya namna hiyo. Kwetu wanasema nafundisha fizikia ya nyama. Kabla ya hapo nilikaa Ulaya miaka kadhaa, kwenye mji wa baridi, nikichungulia kwenye darubini kuona seli za kansere zinavyotembea. Ndiyo, zinatembea. Nilipomwambia Mama Mkubwa kwa simu, aliniuliza kama waliniita huko mbali kote ili nichunge wadudu.

Naipenda ile kazi, sitasema uongo. Seli nzuri zimeshikana na jirani zake, kila moja inajua mahali pake, na chini yake kuna utando unaozizuia kushuka. Sasa iko moja inaharibika. Inawaachia majirani, inatoboa ule utando kwa maji yake makali, inaingia kwenye nyuzi za nyama na kuanza kujivuta. Inanyoosha mbele kama mkono, inashika, inavuta mwili, inashika tena. Njiani kuna vichochoro vyembamba kuliko yenyewe. Mwili wake ni laini, unapita. Kinachokwama ni kiini, ule mfuko mgumu wa katikati. Kama umewahi kupitisha godoro la sponji kwenye mlango wa chumba cha Jabe, umeshaelewa: unalibinya, unalikunja, unalitukana, mara linaingia lote kwa mpigo. Mara nyingine kiini kinachanika kwenye kule kubinywa. Seli inakishona na kuendelea na safari.

Halafu inafika kwenye mshipa na kutumbukia, na huko inakutana na kipigo. Damu inakwenda kwa nguvu, inaisukuma, inaigonga ukutani. Nyingi zinafia humo. Zinazobaki zinanasa kwenye mshipa mwembamba wa pafu au wa mfupa, na hata zikinasa, nyingi hazioti. Nyingine hazipitii damu kwanza, zinafuata maji yale meupe ya mwilini mpaka kwenye tezi za kwapani, na pale zinasimama. Jambo lililonishangaza kuliko yote ni hili: uvimbe wenyewe ukiugusa ni mgumu, kwa sababu nyuzi zimejikaza kuuzunguka na ndani kumejaa. Lakini ukizitoa zile seli mojamoja na kuzipima, ni laini kuliko wenzao wazima. Ndiyo maana zinapita. Niliwahi kukaa mbele ya kioo nikiiangalia moja inahangaika kwenye kichochoro, na nikajikuta naishangilia, astaghfirullah.

Basi, Jumapili moja mama alipanda kuja kwangu na mikeke mibichi, wale samaki wa ziwani, aliyoinunua Ruziba. Tukakaa jikoni, mimi natoa magamba, yeye anamenya kitunguu. Akaniuliza, bila kuinua uso:

"Maziwa ya mutoto inaweza kubakia mu mwili myaka ngapi?"

Nikacheka. Nikamuuliza ni mtoto wa nani tena huyo.

"Yangu. Ya mudogo wako. Unajua nilimuachisha haraka, ile wakati ya malaria. Yaya anasema maziwa ilibakia, ikaganda. Ananikanda nayo na mawese na kitunguu saumu. Iko inalainika."

Yaya, kwetu, ni dada mkubwa. Na mdogo wangu huyo aliyeachishwa haraka sasa ana ndevu, ana mke, anatengeneza pikipiki. Niliweka kisu chini. Sikunawa hata mikono. Nilifungua gauni la mama mwenyewe kama mimi ndiye mzazi, nikagusa. Donge lilikuwa pale, upande wa kushoto, gumu kama mbegu ya parachichi, limeshika, halitembei. Nikainua mkono wake, nikagusa kwapani, na huko nako kulikuwa na kadogo kake.

Nilipiga kelele, naweza kusema hivyo. Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii mama yake. Mwanamke ana mtoto aliyekula chumvi ya Ulaya kwa ajili ya ugonjwa huu huu, ugonjwa huu na si mwingine, na yeye anakwenda kupakwa mafuta ya mawese na vitunguu saumu uvimbe ulainike! Akaniacha nimalize. Akafunga vifungo vyake kimoja kimoja.

"Njo maana sikukuambia," akasema. "Una kelele sana."

Tulilia wote wawili, samaki wakaliwa na paka.

Hospitali ilikwenda vizuri kuliko nilivyoogopa. Walichukua kipande kidogo, wakakipima, wakasema ndiyo, ni kansere. Wakaliondoa titi na tezi za kwapani. Daktari alikuwa mtu mpole, akatuita mama, Mama Mkubwa na mimi, akatueleza: mapafu safi, ini safi, mifupa safi. Ila kwenye tezi za kwapani ilikuwa imeshafika. Kwa hiyo kutakuwa na dawa za kutiwa kwenye mishipa, halafu tutaangalia, lakini yeye ana matumaini, na sisi tuwe nayo. Mama akasema alhamdulillah. Nywele zilipoanza kutoka, alisema miaka yote amefunga mtandio, sasa nani atajua?

Tulipotoka kwa daktari, Mama Mkubwa alinivuta mkono mpaka uani, penye kivuli cha ukuta.

"Mi nilikuwa nasukuma nayo kwa kwapa," akasema. "Unajua namna nafanya. Nilikuwa natoa nayo ku moyo, napeleka ku mukono. Kila jioni. Na daktari anasema iko mu kwapa."

Alikuwa ananiangalia machoni.

"We umesoma iyi kitu. Niambie. Ni mi niliipeleka?"

Mtu mwenye akili angesema hapana, papo hapo, kwa sauti. Mimi nimefundishwa kufikiri kabla ya kujibu, na nikafikiri. Nilifikiri kidogo tu. Alikiona kile kimya, na uso wake ulibadilika. Baada ya hapo hata ningeapa kwenye msahafu isingesaidia. Nilimweleza yote ninayoyajua, na ni kweli: kwamba kansere inasafiri yenyewe, haingoji kusukumwa, kwamba mara nyingi inaanza safari kabla mkono wowote haujauona uvimbe, kwamba seli ikisukumwa tu, bila nguvu yake ya kushika na kuota, inafia njiani, kwamba hakuna anayeweza kumwambia kwa hakika zile za mama zilifika kwapani lini. Kuukanda uvimbe si kuzuri, nikasema, mtu asifanye, lakini kusema wewe ndiye uliyeupeleka, hapana.

"Kwa hakika, hakuna anayejua," akarudia. Katika maneno yangu yote, alichukua hayo.

Wiki ileile nilimpandisha Gihosha, nikamkalisha mbele ya kompyuta, nikamwonyesha filamu zangu. Nilitaka aione kwa macho yake: seli inajivuta, hakuna anayeigusa, inafika kwenye kichochoro, inajibinya, kiini kinakwama, inahangaika, inapita. Nilikuwa na furaha kabisa, naelekeza kwa kalamu, hapa ona, hapa angalia, inakwenda yenyewe! Aliangalia mpaka mwisho, akaniomba nirudishe. Akaangalia tena.

"Mulango ilikuwa ndogo," akasema. "Ingekufia pale. Mi nikaipanua."

Sasa uende ukabishane na mtu kama huyo.

Tangu siku hiyo hakumgusa mtu. Wanawake waliotoka kuzaa walikuja na maji yao, na sabuni zao, wengine wamebebwa kwenye tukutuku, akawarudisha mlangoni: mikono imechoka, nendeni kwa fulani. Walidhani anaumwa. Akawa anaamkia watu huku mikono iko ndani ya kikwembe, kile kitenge chake cha kujifunga. Alimpikia mama kila kitu, uji, mchuzi, mboga, lakini alikiweka mlangoni na kurudi kwake. Mama akimwita wale pamoja, alikuwa ameshashiba. Alikonda. Mama mwenye kansere alikuwa ananenepa, na dada yake mzima anakonda, na mimi katikati nimekasirika na wote wawili. Kwa mama mambo yalikuwa mazuri kweli, dawa zilikwisha, vipimo vilikuja vizuri, akarudi sokoni kwenye vifungo vyake. Furaha yote ilikuwepo pale uani, ila mtu mmoja hakutaka kuila.

Halafu mkono wa mama ukaanza kuvimba. Hili daktari alituonya: tezi zikiondolewa, yale maji meupe yanakosa njia, yanajaa mkononi. Si kansere kurudi, ni maji tu. Tukapelekwa kwa kine, yule anayenyoosha viungo vya watu, binti mmoja mcheshi mwenye viatu vya rangi ya pinki. Akatufundisha jinsi ya kuyaonyesha maji njia nyingine. Unaanza shingoni na upande ule usioumwa, unaifungua barabara, ndipo unarudi begani, ndipo mkononi, na siku zote unapandisha, hushuki. Na hukandi. Hilo alilirudia sana. Unaisogeza ngozi peke yake, polepole, kana kwamba chini yake kuna mtoto amelala. Kila asubuhi.

Kazi hiyo ikawa yangu, na sikuiweza. Mimi nina mikono ya mtu wa kompyuta. Nikienda polepole nasahau nilipofika, nikiharakisha nakwaruza. Mama alikuwa anavumilia huku amekunja uso.

"Muambie yaya," akasema siku moja.

Nilimwambia. Nilimbembeleza, nikamtania, nikamgombeza, nikamwambia ni dawa, kine mwenyewe ameagiza. Alinisikiliza akiwa ameshika mlango wake.

"Nimuguse tena?" akasema. "Nimusukumie tena, iende mu kichwa? Apana, mwanangu. Apana."

Ilikuwa Jumamosi, asubuhi, jua limeshaingia uani. Nilimkalisha mama kwenye mkeka, mgongo ukutani, mimi kwenye kigoda, nikaanza kuparura kwangu. Mama Mkubwa akatoka kwake na beseni la nguo, akapita mbali, kwenye ukingo wa uwanja, kama kawaida yake ya siku zile. Mama akamwita. Hakugeuka.

"Yaya," mama akasema, "ile ya mu kwapa nilikuwa nayo mbele."

Mama Mkubwa akasimama.

"Mbele ya nini?"

"Mbele sijakuja kwako. Ile njo niliona ya kwanza. Nilikuwa naoga, nikagusa. Ya mu ziwa nilikuja kuiona nyuma. Halafu ndiyo nikakuja kwako, nikakuonyesha moja tu."

"Unanidanganya. Ningeigusa."

"Ungeigusa namna gani? Kila ukifika pale nilikuwa nafunga mukono."

Niliona Mama Mkubwa anarudi nyuma kwenye kumbukumbu yake, jioni kwa jioni. Mdomo ukafunguka.

"Ulikuwa unasema unatekenyeka!"

"Eeh."

"Unatekenyeka! Mwanamuke muzee, amezaa, amezika bwana, anatekenyeka! Na mi mujinga nacheka naye!" Beseni likaanguka, nguo safi zikamwagika kwenye vumbi, hakuziangalia. "Mushenzi we! Mi nakonda! Mi sili! Watu wanakuja na watoto wadogo nawafukuza kama mbwa! Nasali usiku naomba Mungu anikate mikono! Na we uko hapa unauza vifungo!"

Mama alikuwa ameinamisha kichwa kama mtoto anayegombezwa, na alistahili. Mimi nilishindwa kukaa wala kusimama. Kama ile ya kwapa ilikuwepo kabla, basi safari ilikuwa imeshafanyika kabla hajapakwa hata tone la mawese. Jibu ambalo sikuwa nalo kule uani hospitalini lilikuwa limekaa muda wote ndani ya gauni la mama. Nikafungua mdomo nilieleze hilo kisayansi. Mama akanikata jicho nikanyamaza.

"Kwa nini hukusema?" Mama Mkubwa akauliza. Sauti ilikuwa imeshuka.

"Nilikuwa na haya. Kila siku nasema kesho. Halafu naona unakonda, haya inazidi."

"Na ulijua ni nini?"

"Nilijua si maziwa."

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo, yaya."

Mama Mkubwa akasogea mpaka mbele yake. Machozi yalikuwa yanamtoka na hayafuti.

"Sasa kama ulijua, kwa nini ulikuwa unakuja? Kila jioni unakuja, unalala, nakukanda, unajua haisaidii kitu. Ulikuwa unatafuta nini?"

 Mama aliuangalia mkono wake uliovimba, akauweka vizuri juu ya paja.

"Niliogopa," akasema. "Nikienda hospitali, ninakuwa mugonjwa. Kwako nilikuwa mudogo wako tu."

 Mama Mkubwa alijifuta uso kwa kikwembe, akafuta na viganja, mbele na nyuma. Halafu akanigeukia mimi.

"Ondoka hapo, we musomi. Unamusugua kama sufuria."

Nikampisha kigoda.